Idd Mubarak, na gongo la kriketi la ami

Assalaam alaykum ndugu, jamaa na majirani. Mwezi umeandama. Kwa niaba ya nyumba yetu nawatakieni Idd njema yenye heri na baraka. Mola atutakabalie saumu zetu, na mwakani atufikishe sote salama.

"Sote" hiyo nimeiandika kwa mazoea. Ami alituacha mwezi wa Rajabu. Gongo lake la kriketi liko nyuma ya mlango, mpini umezongwa mshipi mweusi kwa mkono wake mwenyewe.

Kila Idd, tukitoka kusali, alitupitisha Mnazi Mmoja, hapa Unguja, na kutuonesha kriketi ilipokuwa ikichezwa. Waingereza, waliotutawala tangu 1890, ndio walioileta. Wahindi wa mjini wakaipenda kuliko wenyewe. Ami, mtoto wa Ng'ambo, aliokota mipira iliyotoka nje, kisha jioni akacheza uchochoroni na upongoo wa mnazi uliochongwa. Uhuru ukaja Disemba 1963, Mapinduzi Januari 1964, na familia nyingi zikafunga milango zikaondoka. Jirani mmoja akamwachia gongo: "Nitunzie, nitarudi." Hakurudi. Ami akalitia mafuta kila mwaka, zaidi ya miaka hamsini.

Akipenda kucheka, alitaja Kombe la Dunia la kriketi la 1975. Glenn Turner wa New Zealand alipata mikimbio 171 peke yake. Timu ya Afrika Mashariki, wote pamoja, 128. "Lakini hatukutolewa wote!" Kweli, walitolewa wanane tu kati ya kumi na mmoja.

Mwaka umekuwa mzito. Nazi moja sasa kwa bei ya tatu za zamani, na mkungu wa ndizi mwezi huu tuliutazama tu. Watoto, mkono wa sikukuu ukiwa mwepesi, msinune.

Nasi wakubwa, ndugu zangu, Idd haivaliwi mwilini tu. Kuna mtu hajasemezana na jirani yake tangu uchaguzi, na msikitini wanasimama safu moja. Mpe mkono leo. Aliyekuazima, mrudishie, aliyekuwekea amana, itunze hata kama mwenyewe harudi. Wagonjwa tuwazuru, mayatima tuwavishe, makaburi tuyasafishe.

Gongo nimelipaka mafuta. Idd Pili alasiri nitakuwa nalo uwanja wa Maisara. Mpira wa tenisi ninao, wiketi, ile shabaha ya mrusha mpira, ni ndoo tupu ya rangi.