Majina ya majedwali mnapohamia PostgreSQL

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia kwamba ofisi yenu imekubali kuhamisha hifadhidata ya mauzo kutoka MySQL kwenda PostgreSQL. Umeniuliza kama inatosha kubadilisha kila bektiki (`) iliyozunguka jina la jedwali au la safu wima kuwa nukuu pacha ("). Haitoshi.

Kiwango cha SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kimetenga nukuu pacha kwa ajili ya majina na nukuu moja (') kwa ajili ya maandishi, lakini MySQL, isipowekwa katika hali ya ANSI_QUOTES, huzichukua zote mbili kuwa za maandishi, na ndiyo maana wenzako walizoea bektiki. SQL Server, programu nyingine ya hifadhidata, nayo ina mabano yake ya mraba. Tofauti hizo za alama ni nyepesi. Uzito uko kwenye herufi. Jina lisilo na nukuu, PostgreSQL hulishusha liwe la herufi ndogo, ilhali Oracle, programu nyingine ya hifadhidata, hulipandisha liwe la herufi kubwa. Lililofungwa kwa nukuu hubaki kama lilivyoandikwa. Kwa hiyo mkiunda jedwali "Maagizo" kwa nukuu, kisha mwenzenu akaandika Maagizo bila nukuu, PostgreSQL itatafuta maagizo na kumjibu kwamba jedwali hilo halipo, ingawa analiona kwenye orodha.

Ningekushauri myageuze majina yote yawe ya herufi ndogo, yenye mstari wa chini kati ya maneno, ili nukuu zisihitajike kabisa. Jedwali lenu la user lipeni jina jingine, kwa kuwa user ni neno maalumu la SQL: SELECT * FROM user haikataliwi na PostgreSQL, bali hurudisha jina la mtumiaji aliyeunganishwa, na kosa la kimya namna hiyo naliogopa kuliko lile linalosimamisha programu. Majina kama wateja na malipo hayagongani na neno lolote la SQL, nami nashangaa kwa nini tunayakwepa.

Palipobaki ni pale ripoti inapompa mtumiaji nafasi ya kuchagua safu wima ya kupangia matokeo. Parameta, yaani nafasi inayoachwa wazi ndani ya amri ili ijazwe baadaye, hubeba thamani, haibebi jina. Linganisheni kwanza jina hilo na orodha ya safu zinazoruhusiwa, kisha mlipitishe kwenye quote_ident, kitendakazi cha PostgreSQL ambacho huongeza nukuu pacha panapohitajika na kuirudufu ile iliyomo ndani ya jina.

Nitumie muundo wa majedwali kabla hamjahamisha data, niupitie. Wasalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye.