Madimbwi ya Dakatcha yapimwe wakati wa mvua

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ndege mmoja ambaye hapatikani popote duniani ila katika Kaunti yetu ya Kilifi, yaani katika msitu wa Arabuko-Sokoke na mapori ya Dakatcha. Huyu ni mnana wa Clarke, ambaye dume lake ni jeusi mgongoni na la manjano tumboni, na ambaye huenda kwa makundi kwenye vilele vya miti ya mirihi akitafuta wadudu.

Wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1913. Waliomfuatilia Arabuko-Sokoke walimzoea, lakini kila msimu wa kutaga ulipowadia alitoweka, wala hakuna mtafiti aliyejua anakokwenda. Jibu lilipatikana baada ya miaka 100, mwezi Machi 2013, pale wanakikundi wa uhifadhi wa Dakatcha, watu wa vijiji vyetu wenyewe, pamoja na wenzao wa shirika la Nature Kenya walipovikuta viota vyake ndani ya dimbwi la msimu, vimefumwa kwenye majani marefu yaliyosimama majini.

Nalitaja hilo kwa sababu tunapozungumzia uharibifu wa Dakatcha husema zaidi habari za mkaa, na ni haki yetu kusema, maana mrihi ukishaangushwa mnana hana pa kulishia. Dimbwi, hata hivyo, halina mtetezi. Kiangazi ukipita hapo huoni tone la maji. Udongo umepasuka, majani yamekauka na kulala, na asiyejua atadhani ni kiwanja kitupu. Nilimkuta jirani yangu akifyeka mahali kama hapo, jembe likimngoja chini ya mti, nikakosa neno la kumwambia, kwa kuwa udongo wa dimbwi hushika unyevu muda mrefu na yeye ana watoto wa kulisha. Sioni haki kumbebesha mtu kama huyo peke yake mzigo wa kumtunza ndege ambaye ni wa ulimwengu mzima.

Arabuko-Sokoke ni hifadhi ya serikali. Dakatcha haina ulinzi wa namna hiyo, na sehemu yake kubwa ni ardhi ya jamii. Hata hivyo Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inairuhusu jamii kusajili ardhi kwa jina lake na kutenga humo maeneo ya kilimo, ya makazi na ya uhifadhi. Naiomba serikali ya kaunti, wazee wetu na kamati za ardhi wayatenge madimbwi haya kabla watu hawajagawana mashamba, kwa kuwa mtu akishapewa hati itakuwa vigumu kumwomba arudishe.

Tena nawasihi wapima ardhi wasije wakati wa kiangazi pekee. Waje mvua zikishanyesha, wafuatane na vijana wanaohesabu ndege vijijini, wanaojua maji yanafika wapi na mnana hujenga upande gani, na alama za mpaka ziwekwe pale ukingo wa maji unapoonekana kwa macho.

Msomaji wako,
Marafa, Kilifi