"Mwisho wa reli" si tusi, lakini lafudhi yetu si cheti cha uraia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nichangie mjadala wa majina ya utani ya miji yetu na vichekesho vya lafudhi, hasa vinavyotuhusu sisi watu wa Kigoma. Wapo wanaodai kwamba kutuita watu wa "mwisho wa reli" ni kutudharau. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, na sioni dharau yoyote katika jina hilo. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na hapa ziwani mwaka 1914, na haikuwa na pa kuendelea kwa sababu mbele yake ni maji ya Tanganyika. Mtu wa Dar es Salaam akilitamka kwa kebehi, tunamjibu kwamba reli inaanzia huku, na kwamba dagaa tunachagua sisi kwanza ndipo tunampelekea yeye waliobaki. Tunacheka sote, naye akija mwezi ujao anaulizia hao hao dagaa.

Huo ndio utani tuliorithi, na una kanuni zake. Wanyamwezi na Wazaramo wametaniana tangu zama za misafara ya pwani, na mtani wa kweli ana wajibu: msiba ukitokea anafika, anafanya vituko vyake mbele ya wafiwa, kisha anashika jembe na kusaidia kuchimba kaburi. Zaidi ya hayo, anayetaniwa ana haki ya kujibu papo hapo, tena kwa ukali uleule, bila kuogopa kwamba jibu lake litamponza.

Vichekesho vya lafudhi ya Muha, yaani mtu wa kabila letu la Waha hapa Kigoma, vimetoka nje ya kanuni hizo. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, kiasi kwamba mtu wa Kasulu na mwenzake wa ng'ambo ya mpaka wanaelewana bila mkalimani. Si jambo la ajabu, kwani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza pande zote mbili zilikuwa ndani ya koloni moja la Wajerumani, na baada ya vita ndipo Wabelgiji wakapewa Ruanda-Urundi na Waingereza wakachukua Tanganyika. Wasukuma nao huiga na kuigwa matamshi yao, lakini hakuna anayewauliza babu zao walizaliwa wapi. Kichekesho kinachotuhusu sisi humalizikia mahali pamoja: "Huyu Mrundi." Kuwa Mrundi si aibu, na baadhi yetu tuna wakwe na mashemeji huko. Lakini katika mkoa uliopokea wakimbizi kwa miongo mingi, na ambao una kambi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996, neno hilo likitamkwa na mtu mwenye mhuri linageuka kuwa tuhuma.

Mpwa wangu alikwenda kufuatilia karatasi zake katika ofisi moja ya umma, nje ya mkoa wetu. Alipofungua kinywa tu, karani aliigiza sauti yake, foleni nzima ikacheka, kisha akaambiwa akalete cheti cha kuzaliwa cha babu yake. Babu huyo alizaliwa kijijini enzi za mkoloni, akazalishwa na mkunga wa jadi. Cheti hicho kingetoka wapi? Kijana angeweza kumjibu karani kama tunavyomjibu mtu wa dagaa, lakini alihitaji karatasi zake, kwa hiyo naye alicheka kidogo na kuondoka. Waliokuwa kwenye foleni bila shaka walidhani wameshuhudia utani.

Siombi vichekesho vipigwe marufuku, maana redio isiyo na mzaha itasikilizwa na nani? Wachekeshaji waendelee kuiga lafudhi yetu, ila waache kumfanya kila Muha wa kwenye igizo kuwa mlinzi asiyejua lifti, mganga au mhamiaji anayekimbizwa na askari. Na wakuu wa ofisi za umma wawaagize watumishi wao wa dirishani wamhoji mwombaji kwa nyaraka alizonazo mkononi, na maswali wanayomuuliza kijana wa Kigoma yawe ni yaleyale wanayomuuliza kijana wa Morogoro.

Wako,
Msomaji wa Ujiji, Kigoma