Risala ya Umoja wa Madereva wa Bajaji na Teksi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuzindua Mfuko wa Kufunga Mifumo ya Gesi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Viongozi wetu wa dini, wazee wa mtaa,
Wanachama wenzangu pamoja na familia zenu,

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia wito wa watu wa kijiweni. Leo tunazindua mfuko wa kukopeshana fedha za kufunga mifumo ya gesi asilia kwenye vyombo vyetu. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa hununua viti na maturubai ya kukodisha. Sisi tumeamua vingine, na tunaomba tukueleze sababu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, dereva anatoka asubuhi akiwa na deni la hesabu ya bosi au marejesho ya mkataba, na kabla hajanunua mkate wa watoto ni lazima anunue mafuta. Mei 2022 lita moja ya petroli hapa Dar es Salaam ilifika Sh3,148. Vita vilikuwa Ukraine, lakini maumivu yalitufikia Mwenge. Abiria wa kwenda Sinza hakuwa tayari kuongeza hata mia mbili, na hatukumlaumu, maana mshahara wake ulikuwa uleule. Juni mwaka huo Serikali ilitoa ruzuku ya Sh100 bilioni, nasi tulipata ahueni na tunashukuru. Hata hivyo, fedha zile zililipia mafuta yaliyokuja kwa meli, yakachomwa, yakaisha. Baada ya hapo tukarudi palepale, kusubiri Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa huduma za nishati na maji, watangaze bei kikomo.

Wakati huohuo nchi hii ina gesi yake. Songo Songo kule Kilwa iligunduliwa mwaka 1974, Mnazi Bay kule Mtwara mwaka 1982. Wapo wanaosema biashara ya nishati iachiwe soko lenyewe, Serikali ikae pembeni. Tunawaomba watazame tarehe hizo. Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, yaani miaka 30 baada ya kugunduliwa, na ilifika baada ya Serikali kusimama mbele, kukopa na kushirikiana na wawekezaji. Bomba kubwa kutoka Mtwara lilizinduliwa mwaka 2015, nalo pia ni mkopo wa Taifa. Hakuna mfanyabiashara ambaye angelaza bomba la zaidi ya kilomita 500 kwa sababu ya madereva wa bajaji.

Lakini bomba peke yake halisukumi gurudumu. Aliyeileta gesi hadi kwenye injini zetu ni fundi. Ni walimu na vijana wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ni wenye karakana binafsi waliothubutu kuagiza mitungi na mifumo wakati wateja walikuwa wachache, ni waliofungua vituo kwa mtaji wao. Kwa hiyo sisi hatuchagui upande kati ya Serikali na soko. Tumekula mkate wa wote wawili.

Faida yake tunaijua mifukoni. Kilo moja ya gesi hufanya kazi inayokaribia ya lita moja na nusu ya petroli, nasi tumekuwa tukiinunua kwa takriban Sh1,550. Petroli ya kiasi hicho, hata katika miezi ya nafuu ya miaka hii ya karibuni, inapita Sh4,000. Tofauti hiyo ndiyo ada ya shule.

Tunaomba pia kuweka sawa jambo moja ambalo hata wake zetu nyumbani hutuuliza. Mtungi wa jikoni una gesi nyingine, ile inayoletwa kwa meli kama petroli. Inayotoka Kilwa na Mtwara ni gesi asilia. Tunaposema nishati yetu wenyewe, tunasema hiyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tatizo letu kubwa ni foleni. Tunakualika usiku mmoja uje bila msafara. Utakuta bajaji zimepangana hadi nje ya geti, injini zimezimwa, dereva anasukuma chombo kwa mkono kila foleni inaposogea hatua tatu. Wengine wamelala kwenye kiti cha abiria, miguu nje. Ukifika zamu yako unashuka, mhudumu anachomeka bomba, na mara mgandamizo unakuwa mdogo, mtungi unajaa nusu. Wakati mwingine lori la gesi halijafika kutoka kituo mama, yaani kituo kikubwa kinachojaza gesi ya kupelekwa vituo vidogo, basi mnaambiwa msubiri. Saa hizo ni za abiria waliokwenda na mwenzako. Kuna wanachama waliofunga mfumo wa gesi na bado wanarudi sheli kununua petroli, kwa sababu tu hawana muda wa kupanga foleni. Kituo mama cha TPDC, shirika la Taifa la mafuta na gesi, cha Barabara ya Sam Nujoma ni hatua tunayoipongeza kwa dhati. Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta nao wana magurudumu.

La pili ni kodi. Juni 2024 bajeti ilipopendekeza ushuru wa Sh382 kwa kila kilo ya gesi ya magari, simu za viongozi wa umoja huu hazikunyamaza. Aliyekopa kufunga mfumo aliona marejesho yake yanaingia shakani, na aliyetaka kukopa akaahirisha. Hatusemi tusilipe kodi daima. Tunaomba tuambiwe mapema, kwa miaka, ili mtu apige hesabu akijua anachokiingia. Mwenye mtaji wa kufungua kituo naye anahitaji jambo hilohilo.

Kwa nishati safi ya kupikia Taifa limejiwekea lengo, asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na kila mtu analijua. Tunaomba magari nayo yapate lengo la namna hiyo: vituo vingapi, wapi, lini. Serikali ipeleke mabomba, ikague mitungi na kuwafungia mafundi wa vichochoroni kabla hawajaua mtu, kisha ifungue mlango kwa kila mwenye mtaji ashindane kutuuzia. Na kwa kuwa gesi nyingi kati ya futi za ujazo trilioni 57.54 zilizogunduliwa nchini iko bahari kuu na mazungumzo ya kuiuza nje yanaendelea, tunaomba fungu la soko la ndani liandikwe kwenye mikataba tangu mwanzo.

Kwa upande wetu, wanachama wameshachangia, kanuni zimepitishwa, na kila anayekopa anadhaminiwa na wenzake wawili. Kilichobaki ni taasisi ya fedha itakayokubali kuongeza mtaji huu kwa riba tunayoimudu. Tunakuomba, Mheshimiwa, utufungulie mlango wa benki moja tukazungumze nao. Makabrasha yetu yote yako mezani pako.

Tunaomba kuwasilisha.