Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mabadilishano ya Mawakili Vijana

Ndugu wanachama, mawakili wasomi, na ninyi mnaosubiri kuapishwa,

Katiba ya chama inanitaka nieleze kazi za mwaka mzima. Ya kawaida nitayapitia haraka kwa kuwa mengi mnayajua. Kamati tendaji ilikutana kwa ratiba, semina za jioni ziliendelea, na wanaodaiwa ada wanajijua. Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi naomba muda wangu niutumie kwenye jambo moja ambalo tumelihangaikia sana mwaka huu na ambalo, kwa maoni yangu, bado tunalifanya nusu: kuwapeleka mawakili vijana nje wakajifunze, na kuwapokea wa nje waje kwetu.

Nianze na waliokwenda. Mwanachama wetu mmoja amerudi kutoka London, alikokaa miezi mitatu katika kampuni ya mawakili wa biashara. Alipata nafasi hiyo kupitia International Lawyers for Africa, taasisi ambayo tangu 2006 inawaunganisha mawakili wa Kiafrika na kampuni za huko. Aliporudi tulimpa semina nzima ya jioni, na waliohudhuria watakumbuka kwamba kilichozua mjadala hakikuwa mikataba ya mabilioni aliyoiona. Ilikuwa karatasi ya muda. Kule saa moja hukatwa vipande kumi vya dakika sita sita, na kila wakili, hata aliyeanza kazi juzi, huandika kila kipande amekitumia kwenye faili la nani na kwa kazi gani. Simu ya dakika nne ni kipande kimoja. Barua pepe ya mistari miwili, kipande kimoja.

Mzee wetu mmoja akauliza kutoka nyuma: mteja wa Kariakoo atalipiaje kipande cha simu ambayo amepiga yeye mwenyewe, kwa salio lake? Ukumbi uliangua kicheko, lakini swali lilikuwa la haki. Mwenzetu akajibu kwamba si lazima umtoze mteja kwa vipande, ila jiandikie mwenyewe uone. Yeye alikuwa ameshaanza. Kwenye shauri moja la ardhi alilolichukua kwa malipo ya jumla, aligundua kwamba kuandaa hati ya madai kulimchukua muda mdogo kuliko kufuatilia faili masjala. Tangu hapo anapokubaliana bei na mteja, ufuatiliaji anauweka kwenye hesabu. Kamati imetengeneza karatasi rahisi ya namna hiyo kwa mawakili wanaofanya kazi peke yao, na inapatikana kwa katibu. Haya ndiyo mafunzo ninayoyataka: mtu anakwenda mbali, anarudi na kitu ambacho wakili wa Temeke au Mbagala anaweza kukitumia Jumatatu asubuhi.

Wengine walituma maombi Pegasus Trust, mfuko ulioanzishwa 1987 na unaowaweka mawakili vijana kutoka nchi za sheria ya Kiingereza kwa wiki kadhaa kwenye ofisi za mawakili wa mahakamani, jijini London. Majibu hayakuwa mazuri mwaka huu. Nawasihi wasikate tamaa, na wasikilize wanachoambiwa na waliofaulu miaka ya nyuma: barua ya maombi inayosema unapenda sheria za kimataifa haimwambii msomaji lolote. Inayosema umesimama mahakama ya mwanzo hadi Mahakama Kuu katika mgogoro wa mirathi, na swali gani la sheria lilikushinda, hiyo itasomwa hadi mwisho.

Kuhusu Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, Uholanzi, nieleze jambo moja kwa sababu kila mwaka napokea simu zilezile. Huwezi kujiombea mwenyewe ile nafasi ya kila mwaka inayoanza Septemba, ya kufanya kazi chini ya jaji. Jina lako linapelekwa na chuo kikuu ulichosoma, na kwa miaka mingi chuo hicho ndicho kilichotakiwa kumgharamia mtu wake. Mnajua vyuo vyetu. Ndiyo maana nafasi hizo zilikuwa zikijazwa na vyuo vikubwa vya Marekani na Ulaya, mpaka Desemba 2020 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopitisha azimio la kuanzisha mfuko wa kuwagharamia vijana waliopendekezwa na vyuo vya nchi zinazoendelea. Mlango upo, ila ufunguo uko kwa mkuu wa kitivo. Kamati imeviandikia vyuo ambavyo wengi wetu tumesoma, kuvikumbusha. Kimoja kimejibu.

Sasa gharama. Programu nyingi hujitangaza kuwa ni za bure, na kweli ada hakuna. Lakini kijana anayelipwa posho ya nauli na chakula ofisini kwa mwajiri wake ataanza kutoa fedha kabla hajaona tiketi. Viza ya Schengen peke yake ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Weka hapo kuthibitisha vyeti, taarifa ya benki inayotakiwa ionyeshe akiba ambayo hana, na pango la chumba chake cha Sinza ambalo mwenye nyumba hatalisamehe kwa sababu mpangaji yuko ughaibuni. Kisha kuna mwajiri. Mwanachama mmoja mwaka huu alipata nafasi halali, mkuu wake wa ofisi akamwambia aende salama na asirudi pale. Ofisi hiyo siitaji, na mwanachama mwenyewe ameomba hivyo. Alibaki. Sikumlaumu, wala nisingetaka yeyote hapa amlaumu.

Ndiyo sababu kamati inaleta kwenu pendekezo la mfuko mdogo wa mkopo bila riba, kwa ajili ya viza na vyeti tu, unaorejeshwa ndani ya mwaka mmoja baada ya kurudi. Si zawadi. Pia tunaleta mfano wa makubaliano ya pande tatu kati ya mwajiri, wakili na chama: mwajiri anamtunzia nafasi yake, wakili anarudi na kuwafundisha wenzake wa ofisi, na chama kinasaidia kupata wakili wa kushika mafaili yake kwa muda huo. Wakuu wa ofisi mliomo humu ukumbini, nawaomba mkisome kipengele cha pili kabla hamjakataa cha kwanza.

Nihamie kwa waliokuja kwetu. Hawa ni wachache mno, na hapo ndipo kwenye ile nusu tusiyoifanya. Mwaka huu tulimpokea mgeni mmoja, wakili kijana wa mahakamani kutoka Uingereza. Tulimweleza mapema kwamba hatasimama mbele ya mahakama yoyote wala kumshauri mteja. Atatazama, atauliza, na atasaini ahadi ya kutunza siri za wateja. Siku ya kwanza alimuuliza mwenyeji wake ni nani anayewapokea wateja na kuandaa ushahidi kabla faili halijafika kwa wakili. Kwao kazi hizo mbili zimegawanywa kwa watu wawili tofauti, na wakili wa mahakamani mara nyingi hakutani na mteja mpaka karatasi zimekamilika. Mwenyeji wake akamwonyesha benchi la nje ya ofisi. Wateja watano walikuwa wamekaa, mmoja na mtoto mgongoni, na wote walikuwa wake.

Siku ya mahakama ilikuwa na funzo kwa upande wetu pia. Tangu sheria ilipobadilishwa 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo mgeni hakuelewa neno. Wakili kijana aliyekaa naye ilibidi amnong'oneze kwa Kiingereza, na akajikuta hawezi. Si kwamba Kiingereza hakijui, sheria yote aliisoma kwa hicho. Alikwama kwa sababu hajawahi kulazimika kumweleza mtu wa nje kwa nini pingamizi la awali limesikilizwa asubuhi nzima huku shauri lenyewe halijaguswa. Alinieleza baadaye kwamba jioni ile alirudi kufungua vitabu vya mwenendo wa madai kama mtu anayejiandaa na mtihani. Yeye hajapanda ndege, na amejifunza kuliko baadhi ya waliopanda. Naomba wenyeji wajitokeze mwakani. Kinachotakiwa ni meza, kiti, na subira.

Kuna pia Arusha, ambayo tunaipita tukielekea uwanja wa ndege. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko pale tangu 2007, na ina utaratibu wa kupokea wanasheria vijana wa mafunzo. Mahakama ya Afrika Mashariki ilizinduliwa palepale 2001. Ni wangapi kati yetu wanakumbuka bila kufungua Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwamba mlalamikaji wa kawaida ana miezi miwili tu ya kufungua shauri mbele yake? Mashauri yanatupwa kwa sababu wakili alidhani ana muda kama wa nyumbani. Wiki chache kwenye masjala ile zinaponya tatizo hilo, na nauli ni ya basi.

Nimalizie na pendekezo ambalo kamati haikukubaliana kwa kauli moja, na nalileta kwa idhini yao kama langu. Nataka mabadilishano yetu makubwa ya mwakani yawe na Lubumbashi, jiji la kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Sababu ni ya kikazi. Shaba ya Katanga, eneo la Lubumbashi, inapita mpaka wa Kasumbalesa, inavuka Zambia, inaingia Tunduma na kushuka bandari ya Dar es Salaam. Lori likipinduka Mikumi, au mzigo ukipungua uzito njiani, mmiliki yuko Kongo, msafirishaji yuko hapa, na wakili wa kila upande anasoma sheria za mwenzake kwa kubahatisha. Kongo wanafuata mfumo wa sheria zilizokusanywa kwenye vitabu vya kanuni, uliotoka Ubelgiji. Tena tangu Septemba 2012 wamo kwenye OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika ambayo imeunganisha sheria za biashara za nchi 17, na shauri la kibiashara la Lubumbashi linaweza kumalizikia Abidjan, kwenye mahakama ya pamoja ya OHADA, badala ya Kinshasa. Ni mawakili wangapi wa Dar es Salaam wanaojua hivyo wanapomwandikia mteja ushauri kuhusu kudai deni kule? Na kuanzia 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba wa Jumuiya, kifungu cha 126, unazitaka nchi kuoanisha mafunzo ya wanasheria. Serikali zina mwendo wao. Sisi tunaweza kuanza na mawakili wanne.

Wajumbe waliopinga walisema wakili kijana akirudi kutoka London anapata wateja, akirudi kutoka Lubumbashi anapata pole. Pia walitaja usalama na Kifaransa. Kuhusu usalama, Lubumbashi haiko kwenye mapigano ya mashariki, hata hivyo hakuna atakayesafiri bila kamati kuridhika wiki hiyohiyo. Kuhusu Kifaransa, ni kweli kwamba sheria zao na hukumu zao zimeandikwa kwa lugha hiyo na atakayekwenda lazima awe na msingi. Lakini mteja, dereva wa lori na karani wa mahakama atazungumza nao Kiswahili, cha kwao, na siku tatu za kwanza atacheka sana. Kuhusu wateja, nawaachia mliowahi kufuatilia deni la mizigo mjibu.

Mambo ya kupigia kura ni haya: mfuko wa mkopo wa viza na vyeti, mfano wa makubaliano na waajiri, na idhini ya kufungua mazungumzo na mawakili wa Lubumbashi. Hili la mwisho halihusishi fedha za chama hadi kamati ilete bajeti kwenye mkutano maalumu. Majina ya wanaotaka kupokea wageni yatapokelewa na katibu mlangoni, leo na wiki nzima ijayo. Mwenye chumba cha ziada nyumbani aandike hivyo kwenye fomu, kwa sababu hoteli ndiyo iliyotuumiza zaidi mwaka huu.

Naomba kuwasilisha.