Filamu Ambazo Ningeomba Ziachwe Kama Zilivyo

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima wa afya, na ni matumaini yangu kwamba nyote hamjambo. Wafikishie Baba na Mama shikamoo zangu, kisha umsomee Baba barua hii yote, kwa sababu inamhusu yeye kama inavyokuhusu wewe. Umeniandikia kwamba mmebishana hadi usiku: yeye anashikilia kwamba filamu iliyokwisha kukubalika kuwa bora isiguswe na mtu yeyote, nawe unashikilia kwamba hadithi ni mali ya kila anayeweza kuisimulia. Umenitaka niamue kati yenu. Jambo hili nalijali sana, kwa hiyo nimelifikiria kabla ya kushika kalamu, na naona Baba ana haki kuhusu filamu chache, nawe una haki kuhusu nyingi. Kazi ni kujua zipi ni zipi.

Nianze na upande wako. Filamu kadhaa ambazo Baba mwenyewe anazienzi ni marudio. Ben-Hur ya mwaka 1959, iliyotwaa tuzo 11 za Oscar, ilitanguliwa na Ben-Hur isiyo na sauti ya mwaka 1925. The Maltese Falcon ya John Huston, ya mwaka 1941, ilikuwa mara ya tatu kwa kitabu kilekile kufanywa filamu ndani ya miaka kumi. Mehboob Khan alitengeneza Aurat mwaka 1940, akairudia yeye mwenyewe mwaka 1957 kwa jina la Mother India, na hiyo ya pili ndiyo inayokumbukwa. Seven Samurai ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1954, ilivuka bahari mwaka 1960 ikawa The Magnificent Seven, panga zikageuka bastola, na bado ikasimama vizuri, kwa kuwa kilichochukuliwa ni mpango wa hadithi tu: wanakijiji wanyonge wanawatafuta wapiganaji wa kuwalinda dhidi ya majambazi. Sina pingamizi hata kidogo na 12 Angry Men kurudiwa. Ilianza kama mchezo wa televisheni mwaka 1954 kabla ya kuwa filamu mwaka 1957, ikarudiwa India mwaka 1986 na Urusi mwaka 2007, na kila nchi ikaingiza chuki na hofu zake yenyewe ndani ya chumba kile ambamo watu 12 wanaamua kama kijana mmoja ataishi au atakufa. Filamu ya namna hiyo inafaidika kwa kurudiwa.

Lakini ziko filamu ambazo hadithi yake ni sehemu ndogo ya kile tunachokipenda. Uzito wake unatokana na watu waliosimama mbele ya kamera, na wakati waliosimama hapo, na vitu hivyo havipatikani tena hata mtayarishaji akiwa na fedha za kutosha kujenga mji mzima. Hizo ndizo ninazoomba ziachwe, na ya kwanza ni hiyohiyo uliyoniambia unatamani siku moja kuitengeneza upya kwa kamera za kisasa, yaani The Battle of Algiers.

Tafadhali, mdogo wangu, iache. Mwongozaji Gillo Pontecorvo aliipiga mwaka 1965 katika Casbah yenyewe, mtaa wa kale wa Algiers, miaka mitatu tu baada ya Algeria kupata uhuru. Saadi Yacef, aliyekuwa kiongozi mjini Algiers wa wapiganaji wa FLN, chama kilichopigania uhuru kutoka kwa Wafaransa, aliyekamatwa na Wafaransa mwaka 1957 na kuhukumiwa kifo kabla ya kusamehewa, ndiye aliyetoa kumbukumbu alizoziandika gerezani, akashiriki kuitayarisha filamu, na akaigiza kiongozi ambaye kwa kweli ni yeye mwenyewe. Karibu wote wanaoonekana ndani yake hawakuwa waigizaji. Aliyekuwa mwigizaji wa kazi ni Jean Martin, anayeigiza kanali wa Kifaransa, na yeye pia alikuwa ametia saini tamko la mwaka 1960 la kupinga vita ambavyo nchi yake ilikuwa ikipigana Algeria. Niliitazama tena huku hivi karibuni katika jumba linaloonyesha filamu za zamani, na nilikaa nikiliangalia lile tukio la wanawake watatu mbele ya kioo, wanaovua vazi lao na kubadilisha nywele zao ili wafanane na wanawake wa Kizungu na kupita vizuizi vya askari. Mmoja wao anaingia mkahawani na kikapu chenye bomu, na kabla ya bomu kulipuka kamera inazipitia nyuso za wateja mmoja baada ya mwingine, akiwemo mtoto anayelamba aiskrimu. Pontecorvo anawapa hadhi ya binadamu hata wale ambao filamu inawahesabu kuwa upande wa mkoloni, na anafanya hivyo mbele ya watu waliokuwa wamezika ndugu zao katika mitaa ileile. Waigizaji wa leo, wawe hodari kiasi gani, watakuwa wanajifunza huzuni ambayo wale waliitoa majumbani mwao.

Ya pili ni Casablanca, na hapa najua Baba atatabasamu. Watu huisifu kwa mapenzi ya Humphrey Bogart na Ingrid Bergman, na mapenzi hayo ni mazuri, ila mimi naithamini zaidi kwa umati ulio nyuma yao. Ilipigwa mwaka 1942 ndani ya studio za Hollywood, wakati hakuna aliyejua Hitler angeshindwa, na kati ya waigizaji waliotajwa majina, waliozaliwa Marekani walikuwa watatu tu. Conrad Veidt, anayeigiza ofisa wa Kinazi, alikuwa Mjerumani aliyeihama nchi yake pamoja na mkewe Myahudi. Madeleine LeBeau alikuwa ameikimbia Ufaransa mwaka 1940. Maofisa wa Kijerumani wanapoimba wimbo wao kwa kiburi na bendi ikaamriwa kupiga wimbo wa taifa wa Ufaransa, ukumbi mzima unasimama kuwajibu, na kamera inatua kwenye uso wa LeBeau uliolowa machozi. Simwoni mwongozaji wa zama hizi atakayeweza kuomba machozi yale na kuyapata. Mara mbili, mwaka 1955 na mwaka 1983, ilijaribiwa kufanywa tamthilia ya televisheni, na mara zote mbili haikudumu.

Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, ya mwaka 1948, iko katika kundi hilohilo. Mtayarishaji mmoja mkubwa wa Hollywood alikuwa tayari kuigharimia iwapo Cary Grant angekuwa mhusika mkuu. De Sica akakataa, akamchukua Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwa amewahi kuigiza. Utendaji wake wa kutojua mikono aiweke wapi anapodharauliwa hauwezi kufundishwa.

Kuhusu hoja yako kwamba teknolojia ya sasa inaweza kunakili kila kitu, jaribio hilo lilikwisha kufanywa, tena kwa uaminifu mkubwa. Mwaka 1998 Gus Van Sant aliirudia Psycho ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960 karibu picha kwa picha, kwa mswada uleule na muziki uleule, ila kwa rangi na waigizaji wapya. Matokeo yake ni filamu isiyo na pumzi. Hitchcock alikuwa amemuua mhusika mkuu kabla hata hadithi haijafika katikati, jambo ambalo watazamaji wa 1960 hawakulitarajia kabisa, na aliagiza majumba ya sinema yasimruhusu mtu kuingia filamu ikishaanza. Mshtuko wa namna ile hutokea mara moja tu. India nako walijaribu: Sholay ya mwaka 1975 ilirudiwa mwaka 2007 na Ram Gopal Varma, na Amitabh Bachchan, aliyekuwa mmoja wa mashujaa wawili wa filamu ya kwanza, safari hii akapewa nafasi ya jambazi. Hata mwigizaji mkubwa kama yeye hakuweza kuwasahaulisha watu Amjad Khan, jambazi wa filamu ya kwanza, jinsi alivyotembea juu ya yale mawe huku akiburuta mkanda wake, na jinsi alivyocheka. Sholay yenyewe ilikuwa imeazima mengi kwa Kurosawa na kwa filamu za Kimarekani za wapanda farasi, kwa hiyo mpango wake wa hadithi ulisafiri bila shida; mtu aliyeujaza ndiye asiyesafiri. Kwa sababu hiyohiyo naziongeza filamu za Charlie Chaplin, hasa City Lights, bila maelezo marefu, maana zimejengwa juu ya mwili wa mtu mmoja.

Mwendelezo ni suala jingine, na kipimo changu huko ni mwisho wa filamu. Mwisho ukiwa ndio maana yenyewe ya hadithi, kuuendeleza ni kuuvunja. Katika Bicycle Thieves baba aliyeibiwa anaishia kujaribu kuiba, anakamatwa mbele ya mwanawe, kisha wanaondoka kati ya umati na yule mtoto anamshika mkono. Mtu akituonyesha kesho yao, awape kazi au awanyime, atakuwa ametuondolea kile tulichoachiwa tukibebe. Steven Spielberg alilielewa hili alipokataa kuipa sehemu ya pili E.T., filamu yake kuhusu kiumbe kutoka sayari nyingine. Hata hivyo alishindwa kujizuia asiiguse: katika toleo la mwaka 2002 alifuta kwa kompyuta bunduki zilizokuwa mikononi mwa maofisa na kuweka redio za mawasiliano, na baadaye akasema hadharani kwamba alijutia. Namheshimu kwa kulikiri. Mwenye kazi akijuta kwa kubadilisha kitu kidogo kama hicho katika kazi yake mwenyewe, mgeni anapaswa kujiuliza mara nyingi zaidi.

Pamoja na hayo, mwambie Baba kwa heshima zote kwamba kuhusu The Godfather siwezi kukubaliana naye. Anasema ilipaswa kuishia kwenye ile filamu ya mwaka 1972, ila mwisho wake ni mlango unaofungwa mbele ya macho ya mke, huku mumewe Michael, mwana aliyerithi uongozi wa familia ya wahalifu, akiwa ameanza tu kutawala, na swali la atakuwa mtu wa namna gani lilikuwa bado halijajibiwa. Sehemu ya pili, ya mwaka 1974, ilikuja na jibu, na pembeni yake ikaweka ujana wa baba yake ulioigizwa na Robert De Niro, hivyo tukamwona baba akipanda huku mwana akiporomoka. Naomba aitazame tena pamoja nawe, mfululizo na ile ya kwanza, kisha aniandikie kwa mkono wake mwenyewe ni tukio gani angeliondoa. Nawe uniandikie umechagua nini badala ya The Battle of Algiers; kama ni 12 Angry Men, nitausoma mswada wako wote na kukurudishia maoni yangu ukurasa kwa ukurasa.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi dada yako akupendaye.