Mama, mdudu wa Ngezi hajaandikwa na mtu

Bonn, Ujerumani

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mie huku sijambo, alhamdulillahi, khofu ni juu yenu nyote hapo Konde. Pesa nadhani zimeshafika. Fungu la Ami ni la dawa zake za presha, tafadhali asiende kulinunulia mbegu.

Siku ile kwenye simu uliniambia jirani anauliza: mtoto kapelekwa Ulaya kusoma, kumbe anahesabu wadudu? Nikataka kukujibu, mtandao ukakatika. Bora nikuandikie, maana wewe hupendi habari ya nusu.

Unawakumbuka wale wadudu niliowachukua msitu wa Ngezi nilipokuja likizo, nilipopata kibali na Ami akawa ananibebea wavu? Kati yao yumo wa aina moja, wa milimita 4 tu, mwekundu wa kukolea, ana doa jeusi kwenye kila bega. Miguu ya nyuma ina mapaja manene, kwa hiyo ukimsogelea anaruka, jani linabaki tupu. Ami alikuwa akicheka na kumtukana. Basi huyo, Mama, hana jina. Nimemtafuta katika kila maandishi niliyoweza kuyapata, hakuna aliyewahi kumuandika, yaani kumueleza kitaalamu na kumpa jina.

Kuthibitisha kwamba hana jina ndiko kulikonila muda. Wadudu wa ukoo huu, hawa mbawakawa wanaokula majani, walioandikwa duniani wanapita 35,000. Majina ya wanyama yanayokubalika kisheria yanaanzia mwaka 1758, kwenye kitabu cha Msweden mmoja, Linnaeus. Kuanzia hapo kila aliyemuandika mdudu, kwa Kijerumani cha zamani, kwa Kifaransa, kwa Kilatini, lazima nimsome. Wengine wameacha mistari mitatu: mwekundu, anang'aa, katoka Afrika. Sasa hiyo inamsaidia nani? Ndiyo maana maandishi peke yake hayatoshi, inabidi umtazame yuleyule mdudu aliyekuwa mbele ya mwandishi siku alipotoa jina. Mdudu huyo huhifadhiwa na kubandikwa kikaratasi chekundu ili asichanganywe na wenziwe. Nao wako kwenye makumbusho ya London, Paris, Berlin, Tervuren kule Ubelgiji. Mtu wa Pemba akitaka kumjua mdudu wa Pemba, kwanza aombe viza! Nimelisema hili mbele ya wakubwa wangu hapa, wakatikisa vichwa, wakaendelea kunywa kahawa.

Sasa nikwambie jambo, ila usilisome mbele ya wageni. Wadudu hawa kwa nje wanafanana mno, wanaotofautiana ni madume, tena kwenye sehemu za siri. Kwa hiyo namlowesha kwenye maji ya vuguvugu mpaka alainike, namvuta tumbo kwa sindano nyembamba, kisha nalitia kwenye dawa ya potashi inayoyeyusha nyama na kuacha vile vigumu tu. Kinachobaki ni kijiti cheusi kilichopinda, nakiweka kwenye tone la glisirini chini ya hadubini na kukichora. Kwa jamaa yake wa Bara ncha ni butu. Huyu wetu ncha imepasuka pande mbili, na madume wote niliowapasua wako hivyohivyo. Nilipokiona kwa mara ya kwanza niliita kwa sauti, na chumba chenyewe ni cha watu kunong'ona. Baadaye mdudu anagundishwa kwenye ncha ya kikadi, chini yake kikaratasi chenye herufi ndogo mno: Pemba, Msitu wa Ngezi, tarehe na jina langu. La Ami pia nimeliandika.

Hapa waliniuliza mbona kisiwa kidogo kiwe na mdudu wake peke yake. Nikawaambia wautazame mkondo wa Pemba. Kati ya Unguja na Bara bahari ni ya kina kidogo, zama za barafu maji yaliposhuka watu wangevuka kwa miguu. Sisi mkondo wetu una kina cha mamia ya mita, tulikatika zamani sana. Ndiyo maana tuna ninga wetu, na bundi wetu ambaye hapo nyumbani hakuna anayetaka kumsikia akilia juu ya paa. Na popo wa Kidike, ambao mwaka 1909 walipewa jina la Mjerumani Voeltzkow, aliyepita kwetu akikusanya wanyama. Popo wetu, jina la mgeni. Sina ugomvi na marehemu, lakini zamu hii naitaka iwe yetu sisi.

Jina nimeshalichagua, sikwambii. Kama mtoto anavyosubiri akika, mdudu naye jina lake si jina mpaka makala ichapishwe. Siku hizi hata ikitoka kwenye intaneti inakubalika, tangu mwaka 2012, ilimradi iandikishwe kwanza kwenye daftari la wanaosimamia majina ya wanyama. Jirani akiuliza, mwambie pia sikumpa mdudu jina langu. Sheria haikatazi, ila huchekwa sana anayefanya hivyo. Na hatujachelewa: utafiti mmoja uliotoka mwaka huohuo wa 2012 ulikuta kiumbe kipya hukaa kwenye kabati la makumbusho kwa wastani wa miaka 21 kabla ya kuandikwa.

Kama bado anaona ni upuuzi, mkumbushe bonde la mpunga. Wale weusi wenye miba wanaokwangua jani mpaka libaki na michirizi myeupe ni wa ukoo huuhuu, nao huusambaza ule ugonjwa wa mpunga kugeuka manjano, ulioripotiwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1966. Usipomjua nani ni nani utampigia dawa asiye na hatia.

Sasa haja yangu. Jarida limenirejeshea makala, wanauliza anakula mmea gani, na mie nilimkamata kwa wavu, sikuhakikisha. Mdogo wangu aende na Ami. Kwanza wapite ofisi ya msitu wakaeleze, wasiingie kimyakimya. Wafuate njia ileile, na wasimchukue hata mdudu mmoja, kibali changu kimekwisha. Wamtazame anapotafuna, wapige picha ya jani juu na chini, ua au tunda likiwepo, na rula pembeni. Ami aseme mti huo unaitwaje kwetu. Wazee wengine wakiuita vyengine, aandike yote. Masika yakianza wasingoje, mdudu huyu hupenda majani machanga.

Baadhi ya wadudu nimeandika ndani ya makala kwamba watarudi Zanzibar. Nnahitaji kujua nani ana kabati kavu lenye nafthalini ya kufukuza wadudu waharibifu, maana kwa unyevu wetu wataota ukungu na sisimizi watamaliza kazi. Mwalimu wa bayolojia wa skuli ya mdogo wangu huenda akajua, amuulize.

Nisalimie Bibi na majirani wote, na huyo muulizaji pia. Picha zitumwe usiku, bando la usiku ni rahisi.

Mwanao